Visiki Vilivyobaki Hai: Miaka 30 ya TACARE katika Vilima vya Kigoma

TACARE ni kifupi cha jina la mradi ulioanzishwa mwaka 1994 mkoani Kigoma na Taasisi ya Jane Goodall, kwa azma ya kurudisha misitu na kutoa elimu katika ardhi yote inayotiririsha maji yake Ziwa Tanganyika. Katika miaka 30 iliyofuata mradi huo uligeuka kuwa utaratibu wa kazi unaofuatwa na vijiji vingi vya magharibi ya Tanzania, ukiwa na kamati zake, kanuni zake na waangalizi wake wa misitu. Historia yake imesimuliwa mara nyingi kupitia maisha ya mwanzilishi wake mashuhuri, na jambo hilo lina haki yake, kwa kuwa bila yeye taasisi isingekuwepo. Hata hivyo, anayetazama vilima vyenyewe hulazimika kuwatanguliza watu wengine, yaani wanakijiji waliokubaliana kuacha visiki vichipue, wakajitolea kuvilinda dhidi ya moto, shoka na jembe, na wakapata nguvu ya sheria ya kuufanya ulinzi huo uheshimiwe. Hao ndio waliourudisha msitu, na historia hii inawahusu wao kwanza.

Nchi inayozungumziwa ni Buha, makao ya Waha, ambayo huanzia ukingoni mwa ziwa, mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, ikapanda kwa ghafla hadi kwenye migongo ya vilima inayozidi mita 1,500 katika maeneo ya Manyovu, Munanila na Heru Juu, kisha ikateremka taratibu upande wa mashariki, kupitia Kasulu na Kibondo, hadi kwenye mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi. Munanila, iliyokuwa sehemu ya Kasulu kabla wilaya ya Buhigwe haijaundwa mwaka 2012, iko katika sehemu ya juu ya nchi hiyo, jirani na Burundi, mahali ambapo kahawa, migomba, maharage na mahindi hulimwa hadi kwenye miteremko ambayo mgeni angedhani haiwezi kushika jembe. Mto Malagarasi una chimbuko lake katika nyanda hizi za mpakani. Hauendi moja kwa moja ziwani, bali huzunguka kwa kaskazini na mashariki, ukapita katika mabwawa makubwa, ndipo urudi magharibi na kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Mwaka 2000 mabwawa hayo, yenye ukubwa wa hekta milioni 3.25 pamoja na ardhi inayoyazunguka, yalikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ambao ni makubaliano ya kimataifa ya kulinda ardhioevu. Kwa hiyo udongo unaoporomoka katika mteremko wa juu hauishii kwenye shamba la jirani. Husafiri na maji mwendo mrefu, ukajaza mabwawa na kuchafua mazalia ya samaki.

Uoto wa asili wa sehemu kubwa ya nchi hiyo ni miombo. Hilo ni jina la jumla la misitu ya miti iliyoachana kiasi cha kuruhusu nyasi kuota chini yake, inayotawaliwa na miti ya jamii ya kunde, ambayo hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kutoa majani machanga mekundu wiki kadhaa kabla mvua za kwanza hazijanyesha. Ndani yake humo hukua mninga na mkurungu, miti ambayo mbao zake zimekuwa bahati na balaa yake kwa pamoja, na miti ya matunda ya porini kama mbula na mkusu, ambayo huliwa na watu, nyani na sokwe. Kandokando ya vijito hukua misitu ya aina nyingine, yenye kijani mwaka mzima na kivuli kizito, na ni katika mikanda hiyo myembamba ambamo maji hubakia hata Septemba, mwezi ambao vilima vyote vinavyoizunguka huwa vimekauka na mara nyingi vimeungua.

Vilima hivyo havikupata upara kwa sababu moja, na wanaomtupia mkulima lawama yote hukosea. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Buha na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mashamba yaliyoachwa yakafunikwa tena na miombo, hivi kwamba sehemu ya pori la mashariki ya Kasulu na Kibondo, ambalo kizazi cha baadaye kilidhani halijawahi kukaliwa, ilikuwa na makaburi, majivu na vigae vya wenyewe. Mnamo miaka ya mwanzo ya 1970 Operesheni Kigoma, iliyokuwa sehemu ya sera ya vijiji vya ujamaa, iliwakusanya watu upya kando ya barabara na mwambao, na ardhi iliyo karibu na vijiji hivyo vipya ikalimwa mfululizo bila kupumzishwa. Juu ya hayo yakaja makundi ya wakimbizi: Warundi mwaka 1972 na tena mwaka 1993, Wakongo mwaka 1996, Warundi kwa mara nyingine mwaka 2015. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, ilifikia kuwa na watu zaidi ya 100,000, na kila kaya humo ilihitaji kuni za kupikia chakula ambacho aghalabu kilikuwa mahindi makavu na maharage, vyakula vinavyotaka moto wa saa nyingi. Idadi ya watu wa mkoa, iliyokuwa takribani 850,000 mwaka 1988, ilizidi milioni 1.6 mwaka 2002. Pakaongezeka mahitaji ya mkaa wa mijini, kuni za kuchemshia mawese, mbao za mitumbwi na nguzo za nyumba. Na kila kiangazi moto ulipita ukimalizia machipukizi yaliyookolewa na mvua.

Taasisi yenyewe ilizaliwa pembezoni mwa nchi hiyo, ziwani. Jane Goodall, Mwingereza aliyekuwa na umri wa miaka 26, alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960 akiwa na mama yake, Vanne, kwa agizo la mwanaakiolojia Louis Leakey, ili achunguze maisha ya sokwe. Gombe ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1943, na mwaka 1968 ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa. Eneo lake la nchi kavu ni kama kilomita za mraba 35 tu, udogo ambao umekuwa chanzo cha matatizo yake yote. Taasisi ya Jane Goodall iliundwa mwaka 1977 kwa ajili ya kuendeleza utafiti, na kwa muda mrefu haikuwa na kazi nyingine ya maana na majirani wa hifadhi isipokuwa kuwaajiri wachache wao kama wasaidizi wa watafiti. Mkutano wa wanasayansi uliofanyika Chicago mwaka 1986, ambapo taarifa za kutoweka kwa sokwe zilitolewa kutoka nchi moja hadi nyingine, ulimfanya Dk. Goodall aache utafiti wa porini na kuanza kazi ya utetezi. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliporuka kwa ndege ndogo juu ya Gombe, aliona kwamba hifadhi imebaki kisiwa cha miti katikati ya vilima vilivyo wazi.

Mwaka 1991, kabla ya TACARE, wanafunzi 12 wa shule za sekondari walikutana naye barazani pa nyumba yake jijini Dar es Salaam, na kutokana na mazungumzo hayo zikaanzishwa klabu za vijana za Roots & Shoots, ambazo kila moja huchagua kwa hiari kazi ya kuwasaidia watu, wanyama na mazingira. Klabu hizo sasa ziko katika nchi zaidi ya 60. Katika shule za msingi na sekondari za Kigoma ndizo zilizotunza vitalu vya kwanza vya miche, na zilifika hata katika kambi ya wakimbizi wa Kikongo ya Lugufu, ambako watoto waliokuwa wamepoteza makwao walipanda miti katika ardhi ambayo walijua hawatakaa kuivuna.

TACARE ilipoanza mwaka 1994, kwa msaada wa fedha wa Umoja wa Ulaya, mpango wake uliandaliwa na George Strunden, na baadaye ukaongozwa kwa miaka mingi na Emmanuel Mtiti, ambaye jina lake linastahili kutajwa kila mahali linapotajwa la mwanzilishi. Vijiji vya kwanza vilikuwa 12, vyote vikiwa jirani na Gombe. Uamuzi uliouweka mradi huo kando na miradi mingi ya hifadhi ya wakati ule ulikuwa kupeleka vijijini timu ya Watanzania, watu wanaojua kuketi na wazee na kusikiliza, na kuwapa kazi ya kuuliza kabla ya kueleza. Wanakijiji walipoulizwa mahitaji yao hawakutaja sokwe, wala hawakutanguliza miti. Walitaja zahanati, shule, maji safi na chakula. Taasisi ikakubali mpangilio huo. Pamoja na mamlaka za mkoa ikaanza kwa vyumba vya madarasa, vyoo, huduma za afya na visima, na miti ikaja baadaye, baada ya watu kuona kwamba waliosikilizwa ni wao. Wapo waliouona utaratibu huo kuwa ni kuchukua njia ndefu bila sababu. Matokeo ya miaka iliyofuata yanaonyesha kwamba bila huo kusingekuwa na mkutano wa kijiji ambao ungekubali kutenga ekari moja.

Upandaji wa miti wa miaka ya mwanzo ulikuwa wa aina ambayo wakati huo ilifanywa karibu kila mahali nchini. Vitalu viliotesha miti ya kigeni inayokua haraka, kama mijohoro na mikaratusi, ili kaya zipate kuni na nguzo karibu na nyumba bila kupanda mlimani. Kazi hiyo ilikuwa na faida yake: mwanamke aliyekuwa akitumia nusu siku kutafuta kuni aliweza kuzipata nyuma ya nyumba, na shinikizo dhidi ya miombo likapungua kwa kiasi hicho. Lakini safu ya mikaratusi haina uoto wa chini wala matunda ya porini, na karibu na chemchemi mti huo hunywa maji mengi kuliko inavyofaa, kwa hiyo vitalu peke yake visingeweza kuurudisha msitu uliokuwa umepotea.

Kilichoufanya msitu urudi kilikuwa tayari kiko ardhini. Miti mingi ya miombo, ikikatwa, hufa kwa juu tu; mizizi yake, ambayo imekwenda chini sana na kujilimbikizia chakula kwa miaka mingi, hubaki hai chini ya udongo, na kila msimu wa mvua hutoa machipukizi ambayo kila kiangazi huungua, huliwa na mbuzi au hupigwa jembe. Kilima kinachoonekana kuwa ni nyasi na vichaka vya kimo cha goti kinaweza kuwa na mamia ya mizizi ya namna hiyo ambayo imekuwa ikijaribu kusimama kwa miaka 20 au 30. Mfumo wa mizizi ulio tayari huweza kulisha chipukizi kwa kasi ambayo mche uliotoka kwenye kifuko cha plastiki hauwezi kuikaribia, na katika vilima vya Kigoma ilionekana kwamba chipukizi lililolindwa hufikia mita 6 hadi 9 katika muda wa miaka 5 tu. Sehemu nyingine za Tanzania huita njia hiyo kisiki hai, na jina hilo linaeleza kila kitu.

Kazi inayotakiwa ni rahisi kuisimulia na ngumu kuidumisha. Kisiki kimoja huweza kutoa machipukizi 10 au zaidi, yote yakigombania maji na mwanga. Pale mkulima anapokitunza kisiki ndani ya shamba lake, huchagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, akayakata mengine kwa panga kali karibu na kisiki, kisha akapogoa matawi ya chini ya yale yaliyobaki ili utomvu uelekee juu. Katika msitu wa hifadhi wa kijiji kisiki huachwa kijichagulie chenyewe, na nguvu ya watu huelekezwa kwenye ulinzi. Kabla nyasi hazijakauka kabisa, mwezi Mei au Juni, hufyekwa njia za kuzuia moto, ambazo ni mikanda iliyosafishwa hadi udongo uonekane. Na baadhi ya maeneo huchomwa mapema kwa makusudi, jioni, wakati umande unashuka na moto ni mdogo, ili moto mkubwa wa Agosti na Septemba usikute cha kuchoma. Jamii inayofuga nyuki, kama ilivyo desturi ya Waha wengi wa Kibondo na Kasulu, ina sababu ya ziada ya kuchukia moto wa kiangazi, kwani mzinga ulioungua ni asali ya msimu mzima iliyopotea.

Hiari bila haki haifiki mbali, na hapa ndipo historia ya TACARE inapokutana na historia ya sheria za Tanzania. Hadi katikati ya miaka ya 1990 msitu uliokuwa nje ya hifadhi za serikali ulihesabiwa kuwa wa watu wote, maana yake haukuwa na mwenyewe wa kumzuia mtu. Kijiji kilichomkamata mkata mkaa kutoka mjini hakikuwa na pa kumpeleka. Vijiji vya Duru-Haitemba, wilayani Babati, ndivyo vilivyoonyesha mapema kwamba wanakijiji wanaweza kumiliki na kulinda msitu wao wenyewe. Baadaye Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 zikaipa kanuni hiyo nguvu nchi nzima. Kwa sheria hizo kijiji kinaweza kutangaza sehemu ya ardhi yake kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, kikatunga sheria ndogo zinazotaja nani aruhusiwe kuchukua nini na faini yake ni kiasi gani, na mapato ya faini hizo yakabaki kijijini.

Utaratibu wake una hatua zisizorukwa. Halmashauri ya kijiji huteua kamati ya matumizi ya ardhi, yenye wanaume na wanawake; kamati hiyo, ikisaidiwa na wataalamu wa wilaya, huzunguka mipaka yote kwa miguu na kuchora makazi, mashamba, malisho, makaburi, vyanzo vya maji na msitu; mapendekezo hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea; na sheria ndogo zikishapitishwa na mkutano huo huenda kwenye baraza la madiwani la wilaya ili ziidhinishwe. Hatua ya mkutano mkuu ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote katika vijiji vya Gombe, na ilistahili muda huo, kwa sababu mistari iliyochorwa ilipita juu ya mashamba ya watu halisi, na baadhi yao walitakiwa waache kulima miteremko ambayo baba zao waliifyeka.

Picha za setilaiti zilisaidia majadiliano hayo kwa namna ambayo haikutarajiwa. Mtafiti Lilian Pintea, ambaye baadaye aliongoza kazi ya kisayansi ya taasisi hiyo, alilinganisha picha za mwaka 1972 na za mwaka 1999 na kuonyesha jinsi miti ilivyotoweka nje ya mpaka wa Gombe huku ndani ikibaki. Zilipopatikana picha za karibu zaidi, ambazo mtu huweza kutambua ndani yake paa la nyumba, njia ya miguu na mti mmoja mmoja, zilichapishwa katika karatasi kubwa na kutandazwa mbele ya wanakijiji. Wazee ambao hawakuwahi kutumia ramani walizisoma bila kufundishwa, wakaonyesha kwa kidole chemchemi, mahali patakatifu pa matambiko, shamba la fulani na kilima ambacho zamani kilikuwa na mianzi, na pale mtaalamu alipokuwa ameandika jina lisilo sahihi walimsahihisha. Kufikia mwaka 2009 vijiji 13 vilikuwa vimekamilisha mipango yao ya matumizi ya ardhi na kutenga hekta 9,690 kuwa misitu ya hifadhi ya vijiji, eneo ambalo ni karibu asilimia 26 ya ardhi yao yote na ni karibu mara tatu ya eneo la nchi kavu la Hifadhi ya Gombe yenyewe. Misitu hiyo ilipangwa igusane kijiji kwa kijiji, ili ifanye ushoroba, yaani njia ya miti ambayo sokwe wanaweza kuipita bila kukatiza mashambani. Katika kijiji cha Kigalye, kusini ya hifadhi, picha za mwaka 2005 na za mwaka 2014 zikiwekwa pamoja zinaonyesha mteremko ule ule, kwanza ukiwa wa rangi ya udongo na kisha ukiwa umefunikwa kwa vilele vya miti, bila hata mche mmoja kuhesabika kama sababu kuu.

Ulinzi wa kila siku uliangukia mikononi mwa waangalizi wa misitu, ambao ni wanakijiji wanaojitolea baada ya kuteuliwa na serikali za vijiji vyao. Walifundishwa kwanza kutumia vifaa vya GPS, ambavyo hutambua mahali mtu aliposimama kwa msaada wa setilaiti, na kuanzia mwaka 2009 hivi wakapewa simu janja zenye fomu za kujaza. Mwangalizi anayepita msituni huandika anachokiona papo hapo: kisiki kilichokatwa jana na chenye utomvu bado, tanuri la mkaa linalofuka, mtego wa waya, shamba jipya, dalili za moto, na pia kiota cha sokwe juu ya mti, kinyesi au sauti yake. Taarifa hizo huenda kwa kamati ya maliasili ya kijiji na kwa ofisi za wilaya na za taasisi, ili kamati ijue wapi pa kwenda. Ni kazi ya kutembea saa nyingi miteremkoni, wakati mwingine kukabiliana na mtu mwenye panga ambaye huenda ni shemeji au jirani, na kurudi nyumbani bila ujira. Posho na vifaa vimetolewa kadiri miradi ilivyokuwa na fedha, lakini uzito wa kazi umebebwa na hiari. Na kwa maoni ya mwandishi wa historia hii taasisi na halmashauri za wilaya zimekuwa nyepesi kuisifu hiari hiyo na nzito kuigharimia. Kamati inayoshinda kesi ya mkata mbao na kubakiziwa mapato ya faini ina cha kununulia mabuti ya mvua. Kamati ambayo kesi zake hufia ofisini huchoka, na wanaochoka mwanzo ni wale walio bora.

Shughuli nyingine za TACARE zinaweza kutajwa kwa ufupi. Wakulima wa kahawa wa Kalinzi na vilima vya jirani walisaidiwa kuboresha zao lao na kulifikisha kwenye masoko ya nje, jambo lililoongeza thamani ya kivuli cha miti mashambani. Wanawake waliunda vikundi vya kuweka na kukopa, vilivyojulikana baadaye kama benki za hifadhi za jamii. Wasichana walilipiwa masomo ya sekondari. Na wanakijiji wa kujitolea walifundishwa kutoa ushauri wa afya na uzazi wa mpango nyumba kwa nyumba.

Baada ya Gombe kazi ilielekea kusini, katika pori la Masito na Ugalla, ambako sokwe wengi zaidi huishi nje ya hifadhi yoyote ya taifa. Huko vijiji 7 viliunda chombo chao cha pamoja, Jumuiya ya Watunza Msitu wa Masito, inayojulikana kama JUWAMMA, iliyofanya doria na kupima hewa ya ukaa iliyohifadhiwa katika miti wakati mradi wa majaribio uliofadhiliwa na Norway ulipoendeshwa. Kadiri miaka ilivyokwenda idadi ya vijiji vilivyofikiwa ilipita 100, na TACARE ikaacha kuwa jina la mradi mmoja, ikawa jina la njia ya kufanya kazi.

Nyanda za juu, kuanzia Munanila hadi Kibondo, zimeweka njia hiyo katika mtihani wa aina nyingine. Huko hakuna sokwe maarufu wa kuvuta wafadhili, na ardhi iliyobaki na miti katika vilima vya Buhigwe imekatikakatika kuwa vipande vidogo kando ya chemchemi na katika makorongo. Katika upande wa mashariki, ambako bado kuna misitu mikubwa ya serikali kama Makere Kusini, mvutano kati ya wakulima na wahifadhi ulikuwa mkali kiasi kwamba mwaka 2017 Rais John Magufuli aliagiza hekta 10,000 za eneo la Kagerankanda zitengwe kwa ajili ya wakulima. Pamoja na hayo, mizizi ya miombo haikufa huko pia, na kuna mfano wa nchini wa kuthibitisha kwamba vipande vidogo vikijumlishwa huwa kitu kikubwa. Mkoani Shinyanga mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho na kuyapumzisha hadi kiangazi. Kaya moja ilitenga kipande kidogo, kijiji kikatenga kikubwa zaidi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 uoto uliorudi ulizidi hekta 300,000. Korongo moja la Munanila lililoachwa bila moto kwa miaka 5 hurudisha kwanza mikunde na vichaka, kisha miti ya kivuli, na chemchemi iliyo chini yake ndiyo inayonufaisha mashamba ya maharage ya bondeni; faida ya aina hiyo mkulima huiona mwenyewe, bila kungoja mtalii wala mfadhili.

Mwaka 2025 ulileta misiba miwili kwa taasisi hii. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje na kulivunja shirika la USAID, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa mfadhili mkubwa wa kazi za magharibi ya Tanzania, na mradi uliokuwa ukiendelea ukapoteza fedha zake. Kisha tarehe 1 Oktoba Dk. Jane Goodall alifariki dunia huko California, akiwa na umri wa miaka 91 na akiwa bado katika ziara ya mihadhara. Misitu ya hifadhi ya vijiji haikuwa mali yake wala ya mfadhili, na kisheria hakuna kilichobadilika: mipaka iko katika daftari za vijiji, sheria ndogo ziko katika kumbukumbu za halmashauri, na mwenye mamlaka ya kuzibadilisha ni mkutano mkuu. Lakini mipango ya matumizi ya ardhi huandaliwa kwa kipindi cha takriban miaka 10, na ile ya kizazi cha kwanza ilikwisha kupita muda huo. Kila kijiji hutakiwa kuipitia upya, kuzunguka mipaka tena na kupiga kura tena. Wengi wa watakaopiga kura hiyo walikuwa watoto wakati baba na mama zao walipokubali kuachia miteremko, na mashamba waliyorithi ni madogo kuliko yale yaliyogawanywa wakati huo.